Shukrani ya Kanana, Kutoka Kinoru Hadi Ishiara

Wenzangu wa kwaya, kila mmoja wenu ameniuliza kwa njia yake. Wengine mlinishika mkono mlangoni mwa kanisa, wengine mkapiga simu, na besi wenzangu mkaninong'oneza katikati ya mazoezi mpaka mwalimu wa kwaya akatukasirikia. Kila nikijibu nagundua nimemwambia huyu kipande hiki na yule kipande kile. Basi nimeketi nikayaandika yote pamoja.

Kwa wale ambao hamkumfahamu, Kanana ni dada yangu, mkubwa wangu. Aliolewa Ishiara, kule chini Mbeere, na Njeru, mkulima wa ndengu na mfugaji wa mbuzi. Kanisani kwao nyimbo nyingi si za kitabu kama zetu. Mmoja anatoa, wengine wanaitika. Kanana ndiye aliyekuwa anatoa. Harusi, matanga, mavuno, ukame, yeye ndiye aliyekuwa akisimama wa kwanza. Nyimbo nyingine alizitunga mwenyewe akipalilia.

Mwaka huu akaota uvimbe shingoni. Akaja kukaa kwangu Kinoru, hapa Meru, awe karibu na matibabu, na nyinyi mkamwombea. Madaktari walipomfungua walikuta uvimbe umeikumbatia mishipa inayoendesha sauti, ikabidi wachague. Walichagua uhai. Kanana akapona, akanenepa, akarudi kucheka, lakini kicheko chenyewe hakikuwa na sauti. Alipojaribu kusema ilitoka pumzi tu, na ilibidi umpe sikio karibu kabisa ndipo upate neno.

Tukazoea. Akipiga kofi moja ni ndiyo, makofi mawili ni hapana. Mambo marefu aliniandikia kwa simu, hata tukiwa tumeketi pamoja, simu yangu ikawa inalia mfukoni na aliyeniandikia yuko hapa ubavuni ananitazama.

Kule Ishiara wakapanga ibada ya shukrani, iwe Jumapili. Kabla ya hapo alikuwa aonwe na daktari wa koo huko Embu, siku ya Ijumaa. Kanana alikuwa na uhakika daktari atamwambia sauti iko njiani. Alikuwa ameshachagua wimbo.

Makutano hadi Igoji

Tulitoka Makutano, jirani na kwangu, Ijumaa asubuhi kabla malori hayajajaa. Gari langu mnalijua, ni lile la bluu ambalo mwenzetu Murithi hulicheka. Tulipofika Nkubu, Kanana alinisimamisha tununue ndizi. Nikamwambia tuna ndizi nyumbani, naye akapiga makofi mawili, na ndizi zikanunuliwa.

Mbele ya Igoji tulikuta magari yamesimama. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na lori la magogo ya mikaratusi lilikuwa limelala ubavu kwenye kona inayoteremka mtoni. Magogo yalikuwa yametapakaa barabara nzima. Watu walikuwa wameshazima injini na kukaa kwenye nyasi. Mmoja alikuwa anauza mahindi ya kuchemsha, hata sijui aliyatoa wapi haraka hivyo.

Nyuma yetu lilifika basi la kukodi lililojaa akina mama waliovaa vitambaa vyeupe kichwani. Walikuwa wanaenda kumzika mwenzao, na kaburi lilikuwa ng'ambo ya mto. Walisubiri kwa muda, kisha kiongozi wao, Mama Kinya, mwanamke mnene mwenye viatu vya mpira, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Hatutamngojesha Sabera juani. Tutatembea."

Wakashuka na shada la maua, wakaanza kuimba palepale kando ya barabara. Kanana alishuka pia. Nikamwona anatafuta kitu, akachukua mtungi mtupu wa plastiki nyuma ya gari letu, akajiunga nao akiupiga kama ngoma. Mkono wake uliingia kwenye wimbo bila kukosea. Mama Kinya alimtazama, akafurahi.

"Mama, wewe unaonekana unajua. Tutolee huu unaofuata."

Nikakimbilia kujibu. "Dada yangu hawezi kuimba. Ni mgonjwa."

Mama Kinya akanigeukia taratibu. "Nimemuuliza yeye."

Kanana akapiga makofi mawili, akagusa kovu lake shingoni. Mama Kinya akalitazama, akaitikia kwa kichwa, akautoa wimbo yeye mwenyewe. Wakapita kati ya magogo wakiinua nguo zao matopeni, wengine wakilia, na Kanana katikati yao na mtungi wangu.

Simu yangu ikalia. Alikuwa ameandika akitembea: "Mimi si mgonjwa. Usinisemee kitu sijasema."

Alirudi jua likiwa kali, viatu vyote matope, wakati tingatinga lilikuwa limeshaanza kusukuma magogo. Aliketi akanyamaza, nikimaanisha hakuandika. Tulipoanza kwenda ndipo aliandika tena, nami nikasoma tuliposimama mbele: "Wale wamama wanalia na kuimba kwa pamoja. Hawangoji kimoja kiishe ndio waanze kingine."

Chuka, mezani

Chuka tuliingia hotelini njaa ikiwa imetushika. Mhudumu, kijana mwenye aproni, alipoona Kanana hasemi alidhani hasikii. Akainama mbele yake akapaza sauti, akionyesha kwa mikono kama mtu anayeelekeza ndege:

"MAMA! U-TA-KU-LA NINI?"

Hoteli nzima iligeuka. Mimi nikasema, "Mletee uji, na viazi vilivyopondwa. Vitu laini." Kanana alinitazama kwa jicho ambalo tangu utotoni linanifanya nitafute mlango. Akamwonyesha mhudumu sahani ya jirani, nyama ya kukaanga na chapati mbili. Akala zote. Uji niliunywa mimi.

Kwenye meza ya pili alikuwa ameketi bwana mmoja mwenye koti na mkoba, mhubiri wa kutembea. Alikuwa ametufuata kwa macho muda wote. Alipomaliza chai yake akaja, bila salamu, akaweka mkono wake kwenye shingo ya Kanana na kuanza kukemea. "Wewe pepo bubu, toka! Achilia koo hili!"

Vijiko vikasimama. Kanana aliushika ule mkono, akauondoa shingoni polepole, akamrudishia mwenyewe kama unavyomrudishia jirani chombo chake.

Mhubiri akanigeukia. "Ana imani lakini?"

Nilikuwa nimeshajifunza kitu kule mtoni. "Muulize mwenyewe," nikasema.

Akamwinamia. Kanana akamwambia kitu sikioni, kirefu kidogo. Yule bwana akasimama wima, kisha akarudi kwenye meza yake. Tulipotaka kulipa tukaambiwa chakula chetu kimeshalipwa naye.

Garini nikauliza alimwambia nini. Akaniandikia: "Nimemwambia Mungu bado ananisikia. Nikamwambia pia mkono wake ni baridi sana."

Nilicheka mpaka nikakosea gia. Lakini ninapoikumbuka sasa najua alisema vile akiwa bado na uhakika kwamba sauti inarudi. Maneno mengi mazuri huwa tunayasema tukiwa bado hatujaambiwa hapana.

Runyenjes, kwa watu wasiosemezana

Kabla ya kufika Runyenjes gari likaanza kutoa moshi mweupe mbele. Rejeta ilikuwa imepasuka. Nikapiga simu kliniki kule Embu, wakasema tuje kesho asubuhi, daktari atakuwepo. Tukawa tumekwama kando ya shamba la kahawa, jua limeanza kulegea.

Mzee mmoja akatoka shambani na ndoo ya maji. Akaangalia injini, akatikisa kichwa. "Hii haifiki Embu leo, mwalimu." Sijui alijuaje mimi ni mwalimu, labda ni zile kalamu mfukoni. "Fundi wetu atakuja asubuhi. Twende nyumbani."

Jina lake lilikuwa Mzee Nyaga. Mke wake, Mama Wawira, alitupokea vizuri, akampa Kanana maji ya kuoga na mimi kiti cha kukunja. Kisha nikagundua kuna jambo. Yule mama alinigeukia akasema, "Mwalimu, mwambie mwenye nyumba kuni zimekwisha."

Mwenye nyumba alikuwa ameketi karibu nami, magoti yetu yakigusana.

"Mzee," nikasema, "kuni zimekwisha."

"Mwambie nimesikia."

"Amesikia," nikamwambia mama.

Ikawa hivyo jioni nzima. Wao walikuwa wamegombana tangu wiki iliyotangulia. Mzee alikata mti wa makadamia ambao mama aliupanda mwenyewe alipoolewa, akidai unatia kivuli kwenye kahawa. Hakumuuliza. Mama alirudi kutoka sokoni akakuta kisiki. Kanana alikuwa ameketi jikoni anachambua mboga, na nikaona mabega yake yanatikisika kwa kicheko. Katika nyumba ile yenye watu wanne, mimi ndiye niliyekuwa ninazungumza peke yangu kwa niaba ya wote.

Chakula kikaja, mukimo wa maharagwe yaliyopondwa na mboga ya malenge. Tukafumba macho nikidhani mzee ataomba. Hakuomba. Mama Wawira alianza kuimba, taratibu, wimbo wa shukrani ya chakula, na mzee akaingia chini yake kwa besi nzuri, ya mtu aliyeimba sauti hiyo na mwanamke huyo miaka mingi. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Waliongezeana, wakapunguziana, pumzi wakaivuta pamoja. Wakaimba mpaka amina.

Kisha mama akafungua macho. "Mwalimu, mwambie apitishe chumvi."

Kanana alicheka mpaka machozi yakamtoka, mdomo wazi, bila sauti yoyote. Kicheko kile kikawashinda wenyeji wetu. Mama Wawira alianza kutabasamu, akajizuia, akashindwa. Mzee Nyaga akauinua mkebe wa chumvi, akanyoosha mkono juu ya sahani yangu, akampa mke wake mwenyewe.

"Shika," akasema.

"Asante," akajibu mama. Sikupewa tena ujumbe wa kupeleka.

Asubuhi nilipoamka niliwaona wawili hao wamesimama penye kisiki. Mama alikuwa ananyoosha kidole, mzee ameinamisha kichwa. Kesi ilikuwa bado haijaisha, lakini sasa ilikuwa inasikilizwa.

Embu

Fundi aliziba rejeta kwa ustadi, tukafika Embu bila shida. Daktari alikuwa mwanamke mchanga, mpole, mwenye miwani. Alipitisha kamera nyembamba puani mwa Kanana, akamwambia ajaribu kusema "aa". Kwenye kioo tukaona vile vikunjo viwili vya sauti. Mimi nilijua nini kinatakiwa kutokea, kwa sababu daktari alikuwa amenieleza. Vilitakiwa kukutana, lakini havikukutana. Kimoja kilitetemeka kidogo, kingine kilikaa tu.

Daktari alizima mashine, akavuta kiti akaketi karibu.

"Mama Igoki," akasema, akitumia jina la mtoto wake, "mazoezi yatakusaidia kuzungumza. Watu watakusikia ndani ya chumba, kwa muda. Lakini kuimba, sitakudanganya. Haitarudi."

Kanana akamwinamia sikioni. Nikasikia, maana chumba kilikuwa kimya. "Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mama. Pole sana."

Kanana akamshukuru kwa kumshika mikono yote miwili. Akafunga kitambaa chake vizuri, akatoka. Alitembea wima mpaka kwenye gari, akaingia, akafunga mlango, kisha akajikunja kama mtu aliyepigwa tumboni. Mtu akilia kwa sauti unaweza kumwambia nyamaza, pole, yatapita. Yeye alikuwa analia bila sauti na mimi sikujua nishike wapi. Nikaweka mkono mgongoni mwake tukakaa hivyo. Mlinzi wa maegesho alikuja kutuambia tuondoke, akachungulia, akarudi zake.

Baadaye simu yangu ikalia. "Nirudishe Kinoru."

Njia panda ya Ena

Ukitoka Embu kwenda Meru, na ukitoka Embu kwenda Ishiara, barabara ni ileile mpaka Ena. Kwa hiyo niliendesha bila kujibu kitu, nikijua kuna mahali itabidi nijibu. Nilipofika Ena nikaegesha kando ya kibanda cha mwanamke anayechoma mahindi. Kulia ni Ishiara, mbele ni nyumbani kwangu.

Nilinunua mahindi mawili. Lake akalishika bila kula, akaandika, akafuta, akaandika tena. Niliyasoma hapo hapo kwenye simu yake.

"Kila kitu nimekishukuru kwa kuimba. Mvua ilipokataa niliimba. Mtoto wangu wa kwanza alipokufa niliimba, watu wakashangaa. Nilikuwa naweza kuvumilia kwa sababu nilikuwa na mahali pa kukipeleka. Sasa nikisimama mbele yao nitafanya nini? Nitakuwa mtu anayeshukuru kwa kupewa maisha na aliyenyang'anywa kitu cha kushukuria."

Mnanijua, mimi husoma somo kanisani na naweza kuhubiri kidogo. Yalinijia maandiko mengi. Yote yalikuwa ya kweli, na hakuna hata moja lililotaka kutoka kinywani mwangu.

Nikasema, "Kanana, sitakuhubiria. Ninajua tu niliketi nje ya chumba cha upasuaji, na ulipotoka ukiwa hai sikuwa na haja ya kitu kingine. Hiyo ni shukrani yangu mimi. Yako siijui, wala siwezi kukutolea."

Akalitazama lile hindi. Mwenye kibanda akaja na kipande cha ndimu na pilipili, akampakia hindi bila kuulizwa, akasema, "Kula mama, linapoa." Kanana akala. Alipomaliza akaandika: "Igoki hajaniona tangu shule zifunguliwe. Twende. Lakini kanisani nitakaa nyuma. Mwambie mchungaji sitaenda mbele."

Nikampigia mchungaji. Mnajua mtandao wa kule, unapotea na kurudi kama mtu mwenye usingizi.

"Mchungaji, ni Mwalimu Mutuma, ndugu yake Kanana. Tumetoka kwa daktari. Sauti haijarudi."

"Imerudi?"

"Hai-ja-rudi. Haitarudi. Hataki kusimama mbele."

"...simama mbele, sawa, sawa mwalimu! Bwana asifiwe!"

Simu ikakatika. Nikapiga tena na tena, haikupatikana. Nikajisemea nitamweleza Jumapili kabla ya ibada.

Ishiara

Ukiteremka kutoka Ena hewa inabadilika. Sweta ya Meru inakuwa mzigo. Kahawa inaisha, inaanza miiba na mashamba ya ndengu, na mbuzi wanavuka barabara bila haraka. Njeru alikuwa amesimama langoni na binti yao Igoki, ambaye sasa ananifika begani. Mtoto alimkimbilia mama yake akamkumbatia kiunoni, akasema maneno mengi kwa mkupuo mmoja, kisha akanyamaza akingoja kujibiwa. Kanana akainama akampa jibu sikioni. Igoki akasikiliza, akacheka, naye akamjibu mama yake sikioni, kana kwamba mambo huwa hivyo.

Njeru nilimwambia maneno ya daktari nyuma ya zizi. Alikwaruza nguzo ya zizi kwa ukucha. "Shemeji," akasema mwishowe, "mimi nilikuwa nikirudi shambani namsikia kabla sijaiona nyumba."

Jumapili nilitaka kumwahi mchungaji. Gari likakataa kuwaka, tukatembea, tukafika ibada imeshaanza. Kanisa lilijaa mpaka nje, watu wamekuja na kuku, na ndengu kwenye vibuyu, na mbuzi mmoja aliyefungwa dirishani. Tulipenya tukaketi nyuma kabisa. Nikamwandikia mzee wa kanisa kikaratasi, lakini hakikufika mbali.

Mchungaji alikuwa amesimama mbele, uso umeng'aa. "Wapendwa," akasema, "nimepigiwa simu jana na ndugu yake. Mliomba, na Bwana amesikia. Mama Igoki amerudishiwa sauti yake!"

Sijawahi kusikia vigelegele kama vile. Wamama walisimama juu ya viti. Mtu alianza kulia. Nikainuka niseme, niliseme kabla halijakua, lakini Kanana alinishika koti akanivuta chini. Nilimtazama. Alikuwa ameufumba mdomo kwa nguvu na macho yamejaa maji. Nikadhani ataondoka, maana mlango ulikuwa karibu.

Akasimama, akaenda mbele.

Njia ilifunguka katikati ya watu, wakimgusa mabega akipita. Mchungaji akampa maikrofoni. Kanana aliisukuma pembeni kwa upole. Akachukua kayamba kutoka kwa msichana mmoja wa kwaya, akaitikisa mara chache kupata mwendo, na kanisa zima likaujua wimbo kwa ule mwendo tu. Ulikuwa wake mwenyewe, aliutunga mwaka ule ndengu ziliponyauka, wa beti tatu. Mwenye kutoa anataja alikopita, na watu wanaitika, "Tumefika hapa, ni Wewe."

Akafungua mdomo akatoa ubeti wa kwanza.

Hakikusikika kitu. Bwana anayeshughulikia vyombo akakimbilia spika, akazungusha vitufe, akaipiga maikrofoni kwa kidole. Kanana aliendelea. Midomo yake ilikuwa inatamka kila neno, shingo imenyooka, lile kovu linaonekana wazi, na pumzi ilikuwa inatoka peke yake. Nikaona mchungaji anaelewa. Alishika kichwa chake. Na watu wakaanza kuelewa mstari baada ya mstari wa viti, vigelegele vikafa, mpaka ikabaki kayamba tu na yule mbuzi dirishani.

Ubeti ukafika mwisho. Akanyanyua mkono, kama alivyofanya siku zote, kuwapa watu nafasi yao.

Palikuwa kimya. Kisha mama mmoja mzee upande wa wanawake, ambaye baadaye niliambiwa ni shangazi yake Njeru, akaitika peke yake, sauti imekauka kwa uzee: "Tumefika hapa, ni Wewe."

Kanana akamwitikia kwa kichwa, akatoa ubeti wa pili. Safari hii walioitika walikuwa wengi. Mara ya tatu ilikuwa ni kanisa lote, wa ndani na wa nje, na paa la mabati likalia.

Ninataka mnielewe hapa, maana hili ndilo nililoshindwa kuwasimulia kwa mdomo. Wote walikuwa wanayajua maneno yake. Wameyasikia miaka. Yeyote angeweza kumtolea, na ingekuwa wema. Hakuna aliyethubutu. Kila zamu yake ilipofika, watu mia kadhaa walinyamaza kabisa wakamtazama mdomo, wakamwachia nafasi yake nzima, bila kumharakisha, mpaka anyanyue mkono. Na ule ukimya haukuwa mtupu. Mimi nilisimama nyuma na besi yangu yote, nikaitika.

Alimaliza ubeti wa tatu. Watu wakaanza kushusha pumzi, maana wimbo unaishia hapo. Lakini kayamba haikusimama. Kanana alifumba macho akaendelea kutamka, ubeti wa nne, ambao haupo. Watu wakatazamana. Midomo ilikwenda taratibu kuliko mwanzo, mara ikakaza, mara ikatetemeka, na hakuna mtu pale aliyejua anasema nini, kama ni shukrani au ni lawama au ni yote mawili. Aliposhusha pumzi akanyanyua mkono. Wakaitika vilevile, kwa nguvu zao zote: "Tumefika hapa, ni Wewe."

Mchungaji hakuhubiri siku ile. Alikuja mbele akasema, "Nilisikia vibaya kwenye simu. Mnisamehe. Mama, nisamehe." Kanana akampiga begani kwa kayamba, watu wakacheka, wakajipangusa nyuso. Tukaenda kula mbuzi.

Nilikaa huko mpaka Jumatano kwa sababu ya gari. Jioni moja tulikuwa tumeketi nje, Njeru anapepeta ndengu, Kanana anamsuka Igoki nywele. Mtoto akauliza bila kugeuka, "Mama, ule ubeti wa mwisho ulikuwa unasemaje?"

Kanana aliacha kusuka. Akainama akaweka mdomo sikioni mwa binti yake, akauimba wote, kwa pumzi. Ulichukua muda. Igoki alitulia kabisa, macho yametazama mbele, midomo yake ikianza kuyafuata maneno. Njeru aliacha kupepeta. Mimi niliendelea kutoa mawe kwenye ndengu, na sikuuliza.